Mahame ya Nani?

Jumapili, 10 Machi

Dada Matilda, shikamoo. Nimekusalimu wewe kwanza, sasa nimsalimu shemeji Pius na kifua chake, nasikia bado anakohoa alfajiri. Nimsalimu mama, mwambie kitenge chake nimekipata, kile cha maua makubwa. Nimsalimu Salomea na mtoto wa mgongoni ambaye sijamwona, Alfonsi na mguu wake, Doto anayelia akitaniwa, wifi mke wa marehemu kaka, na jirani Zamzam anayewachotea maji. Wote kwa majina, nisionekane nimemruka mtu. Sisi huku hatujambo.

Nimeandika hatujambo kwa mazoea tu. Jana saa nne asubuhi mwanamume mmoja alimsubiri Leticia wangu chini ya ngazi za ofisi yao pale Mchafukoge. Alimpiga makofi mawili, la kulia na la kushoto, akamwambia, "Acha kuchora misitu ya watu." Mdomo umepasuka kwa ndani, damu imemwagika mpaka kwenye kola. Kituoni askari wa kike akaniambia: "Mama, chukua daftari, andika kila kinachotokea na tarehe yake. Ukija na maneno matupu watakuambia umeota." Basi nimenunua kaunta buku. Lakini kumwandikia askari siwezi, kalamu inagoma. Nakuandikia wewe.

Umeniuliza mara nyingi Leticia anafanya kazi gani, nami nakujibu ya ofisini. Jana nilimbana anieleze. Bosi wake anaitwa Pranav, Mhindi, baba yake marehemu mzee Natvarlal alikuwa akikusanya ramani za zamani. Sasa kuna msitu unaitwa Mbwegere, huko upande wa Rufiji, una vijiji vinne pembeni. Hao wanavijiji wameiomba ofisi ifuatilie: zamani msitu ulifika wapi, umekatwa lini, umebaki kiasi gani. Leticia anatandika ramani ya kale kwenye meza ya kioo yenye taa kwa chini, juu yake anaweka karatasi inayopitisha mwanga, anatembeza penseli ukingoni mwa msitu. Ramani ya Mwingereza rangi ya bluu, ya baada ya Uhuru nyekundu, picha ya sasa iliyopigwa toka angani nyeusi. Halafu anazilaza moja juu ya nyingine. Rangi nyeusi ndiyo ndogo kuliko zote, dada. Imekonda kama mgonjwa wa kifua kikuu.

Tarehe 20 Mei kuna kikao cha kusikiliza shauri la msitu huo. Upande wa pili kuna watu wanaojiita Umoja wa Wenyeji, wanasema katikati ya msitu palikuwa na kijiji cha babu zao, kwa hiyo ni kwao na watakata wanavyotaka. Atakayesimama na ramani ni Leticia.

Nilimwambia aache. Akanijibu, "Basi na wewe uache kuuza mkaa, mama." Tukacheka, yeye na mdomo wake umevimba. Kisha nikatoka kwenda kufunika magunia ya mkaa.

Jumanne, 12 Machi

Mwanne wa chumba cha pili ameanza kufunga leo. Magharibi kamletea Leticia uji wa futari, eti mdomo uliopasuka nao una haki ya kufuturu. Mvua bado. Joto tu.

Jumamosi, 16 Machi

Gaudens kaniletea mkaa. Nimeshakutajia habari zake, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa bara, mwenye malori. Wiki ile tuliyomzika baba Leticia ndiye aliyenipa gunia la kwanza na kuniambia, "Anza hapa, dada yangu, usilie na njaa." Leo kauona mdomo wa mtoto, machozi yakamlengalenga. "Nani kamfanya hivi binti yetu?" Atawauliza vijana wake sokoni. Nilishukuru.

Huyo Pranav mimi simpendi. Yeye ndiye mwenye ramani, yeye ndiye mwenye ofisi, lakini anayewekwa mbele ni mwanangu. Kila saa kumi na moja jioni naenda kumsubiri Leticia ngazini. Pranav ananipita, "Hujambo mama," bila kusimama.

Ijumaa, 22 Machi

Leticia karudi anaimba. Kwenye sanduku la bati la mzee Natvarlal wamekuta ramani ya Mjerumani, ya zamani kuliko zote walizonazo, na msitu wa Mbwegere umo. Hajaisoma vizuri, wino umefifia. "Mama, hii itawamaliza," kaniambia. Mvua imeanza leo.

Jumamosi, 23 Machi

Jumuiya asubuhi. Baada ya sala nilibaki na Gaudens tukikunja mikeka. Nikamwambia mwanangu amepata ramani ya Mjerumani, na tarehe ishirini Mei hao waongo wataumbuka. Nilijisikia mrefu, dada. Mama wa darasa la saba, na hilo la saba sikulimaliza, nina mtoto anayesoma maandishi ya Mjerumani. Gaudens akasema, "Mungu mkubwa. Wanaitunza wapi?" Nikasema si hapo hapo ofisini.

Alhamisi, 28 Machi

Nisamehe mwandiko.

Saa kumi na moja nilikuwa ngazini kama kawaida. Nikasikia kioo kikivunjika juu, kisha sauti ya Leticia. Haikuwa sauti ya kuita. Ilikuwa ile ya siku aliyomwagikiwa maji ya moto akiwa na miaka mitatu. Nilipanda ngazi sijui kwa miguu ya nani.

Walikuwa watatu. Meza ya kioo wameipasua kwa nyundo. Pranav yuko chini, mmoja anampiga kichwani kwa mguu wa kiti, kila pigo linatoa mlio mbichi, kama mtu anayepasua nazi. Leticia walikuwa wanamburuta kwa rasta zake juu ya vipande vya kioo. "Ya Mjerumani iko wapi? Ya Mjerumani!" Hata mara moja hawakusema ramani. Walisema ya Mjerumani, kama watu walioagizwa.

Mimi nilimrukia yule wa nyundo nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Alinitupa ukutani. Nikiwa pale chini nikaona wanaulaza mkono wa kulia wa Leticia, ule wa kuchorea, kwenye ukingo wa kabati, na wa nyundo akaupiga mara moja tu katikati. Mfupa ulitoka nje. Mweupe, dada.

Walichukua kila karatasi iliyoviringishwa wakaondoka wanatembea, hawakukimbia. Watu wa maduka ya chini walikuwa wamekwisha kufunga milango.

Ijumaa Kuu

Sikwenda Njia ya Msalaba. Nimeiona jana.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi

Hospitali. Wamemtia vyuma mkononi. Leo ndiyo kaniuliza, taratibu, macho kwenye dari: "Mama, ramani ya Mjerumani tulikuwa tunaijua mimi, Pranav na wewe. Ulimwambia nani?"

Nilisema sikumwambia mtu. Nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Aligeukia ukutani. Heri angenipiga.

Jumanne, 2 Aprili

Lori lilikuja kama kawaida.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama Leti."

Sikuitikia.

"Vipi, Pasaka imepita na sauti?"

"Gaudens, nilikuambia wewe peke yako."

Alitazama vijana wake wanaoshusha magunia, akanirudia mimi. Ule uso wa jumuiya ulikuwa umeondoka, dada, kama mtu aliyevua kofia. "Mama Leti, mkaa unaouza miaka kumi na moja hii, ulidhani unaota ndani ya gunia?"

Nilikuwa na chepe mkononi. Nilimpiga nalo usoni. Nilisikia pua ikivunjika, Mungu anisamehe, na nilifurahi. Aliinama, akatema damu juu ya mkaa wangu, akacheka. Akanipiga ngumi ya tumbo, nilipoanguka akanikanyaga vidole kwa buti na kugeuza kisigino kama mtu anayezima sigara. "Tarehe ishirini mwanao akisimama, utamzika vipande." Alisema polepole, bila hasira. Vijana waliendelea kushusha magunia. Watu wa mtaa waliangalia. Mwanne ndiye aliyekuja na mwiko wa ugali na matusi ya kwao Mzizima yote, akawafukuza.

Polisi wameandika. Wanauliza shahidi nani. Mtaa mzima uliokuwa pale haukuwepo.

Ndani ya maneno yake yote moja lilikuwa kweli, lile la mkaa, na hilo linaniuma kuliko vidole.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Magunia yaliyobaki nayauza. Sijui ningekula nini.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Mtaro umefurika, maji yamefika kitandani.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimeingia nyumbani kwa Pranav mara ya kwanza. Ghorofa ya tatu, kichwa amefungwa bandeji, sikio moja halisikii tena. Mke wake, mama Vidya, katupatia chai yenye tangawizi kali na kumketisha Leticia kwenye kiti chake mwenyewe.

Kumbe wale watu waliondoka bila ramani ya Mjerumani! Mvua ya kwanza dari la ofisi lilivuja, ramani ikalowa, Pranav akaileta kwa mkewe aikaushe. Mama Vidya alikuwa ameilaza katikati ya shuka mbili chini ya godoro. Wamelala juu yake wiki tatu.

Lakini Leticia hakufurahi. Alikuwa na nakala ya ramani ya Mwingereza magotini. "Tatizo ni hii," akasema. "Hawa watu nao wanayo. Mwingereza kaandika jina la kijiji chao katikati ya msitu. Soma hapa. Mahame."

"Mahame ya nani?" nikauliza.

"Ya nani vipi, mama? Ndiyo jina lake."

"Haliwezi kuwa jina. Mahame ya nani?"

Pranav akavua miwani. Wote wakaniangalia, na mimi nikaona haya, nikafikiri nimesema ujinga. Nikawaeleza vile ambavyo wewe ungeeleza, dada. Watu wakihama, iwe kwa njaa, simba au vifo, pale walipopaacha ni mahame. Mafiga yanabaki, minazi inabaki, pori linarudi. Sisi tulikatazwa kuchuma mapera kwenye mahame ya kina Mnali, unakumbuka? Bila shaka mzungu aliuliza hapa ni wapi, akajibiwa ni mahame tu, bwana, naye akaandika kwa herufi kubwa.

Leticia kazaliwa Ilala. Kiswahili chake ni cha lami, neno hilo hajawahi kulisikia. Pranav naye hivyo hivyo. Akaikunjua ile ya Mjerumani kwa vidole viwili kama anayemvua mtoto nepi. Pale pale pana vinyumba kumi na viwili, mashamba pande zote, na jina: Nambunju. Msitu hakuna.

Leticia akasema, "Kwa hiyo msitu huu ulikuwa mashamba. Wakahama, ndipo ukaota. Mimi nilitaka kuwaambia upo tangu dunia iumbwe."

"Tutasema kama ulivyo," Pranav akasema. "Ulikuwa mashamba, ukawa mahame, ukawa msitu, sasa wanaukata. Tukidanganya mstari mmoja, baba yangu atatoka kwenye majivu yake kunicharaza."

"Na hao wanaosema ni kwao," nikasema, "hawajui kwao kunaitwaje."

Mama Vidya akaweka kikombe chini. "Asiambiwe mtu." Macho yote kwangu. Sikukasirika.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Leticia anajifunza kuchora kwa mkono wa kushoto. Mistari inatetemeka. Anafuta, anaanza tena.

Ijumaa, 26 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Kikao kilitaka nakala kubwa za ramani zote, na mashine ya kutoa karatasi pana kiasi hicho iko kwenye duka moja Kariakoo. Pranav alitangulia kupanga foleni. Mimi na Leticia tulifuata kwa miguu, yeye mbele kidogo, ramani ndani ya bomba la plastiki kwapani. Mimi nilisimama kuuliza dagaa. Kusimama kidogo tu, dada.

Nikasikia, "Mwizi! Huyo dada mwizi! Kamwibia Mhindi!"

Wewe hujui neno hilo linafanya nini Kariakoo. Mtu haulizwi kitu. Wabeba mizigo waliweka mizigo chini. Wauza nguo waliacha nguo. Kijana aliyekuwa ananipimia dagaa, mwenye adabu, aliyeniita mama, aliruka meza akachukua jiwe la mizani akakimbilia huko, naye hata hajui nani kaibiwa nini.

Nilipopenya walikuwa wamekwisha kumwangusha. Nilimwona anainua mkono wenye plasta kujikinga uso, na mtu akaupiga teke. Walimpiga kwa vyuma vya kutundikia nguo, kwa mikanda, kwa viatu walivyovua. Wanawake pia. "Mpeni! Mpeni!" Mwingine anauliza nani ana petroli. Jiwe la mizani lilimpata tayani nikiwa naona. Uso ulihama, dada. Kidevu kilienda pembeni, mdomo ukabaki wazi.

Nilimlalia. Nilipiga kelele mwanangu, mwanangu, wakanipiga na mimi. Mgongo wangu wote ni wa bluu, Mwanne ananipaka dawa. Nilisikia mbavu zinalia. Nilianza kusali ile ya kufa.

Ndipo nikasikia sauti ya ajabu juu yetu. "Mhindi mwenyewe ni mimi! Mhindi ni mimi! Hajaniibia! Nipigeni mimi!" Alikuwa Pranav, na bandeji yake, mikono imetanuka juu yetu kama kuku. Wakampiga naye makofi mawili matatu kwa kasi waliyokuwa nayo. Halafu mmoja akasema, "Huyu ndiye Mhindi?" Mwingine akasema, "Sasa mbona anamtetea?" Ndivyo walivyoacha, kwa kuchanganyikiwa, siyo kwa huruma. Waliokota viatu vyao. Bomba la ramani Leticia alikuwa bado amelibana kwapani. Yule kijana wa dagaa alikuja kuniambia, "Samahani mama, tuliambiwa mwizi." Jiwe bado analo mkononi.

Aliyepiga kelele ya kwanza hakuonekana tena. Nilimwona kisogo tu. Bega lake lina bandeji, pale nilipong'ata.

Jumapili, 28 Aprili

Wamemfunga taya kwa waya, juu na chini. Wiki sita. Anakunywa kwa mrija. Ameniandikia kwenye kikaratasi kwa mkono wa kushoto, herufi kama za mtoto: *Utasema wewe.*

Nikamwambia mimi siwezi. Akapigia mstari.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Pranav anakuja kila jioni kunifundisha mistari. Bluu, nyekundu, nyeusi, na sasa kijani ya Mjerumani. Nilipokosea mara ya tano alisema, "Mama, wewe kichwa kigumu kuliko changu, na changu kimejaribiwa." Leticia alicheka kwa pua, akashika taya kwa maumivu.

Jumatatu, 20 Mei

Tumeingia ukumbini na askari wawili. Leticia alikaa mbele yangu ili nimwone.

Mwenyekiti wa kikao akauliza, "Wewe mama ni mtaalamu wa ramani?"

"Hapana. Ni muuza mkaa."

Ukumbi ukacheka. Aliyecheka zaidi ni Gaudens, mbele kabisa na suti, pua imepinda. Kumbe ndiye katibu wa huo Umoja wa Wenyeji.

Pranav alitandika karatasi, mimi nikasoma mistari. Sikukosea. Kisha nikaomba kumuuliza ndugu katibu swali moja. Nikaruhusiwa.

"Ndugu Gaudens, kijiji cha babu zako kiliitwaje?"

"Mahame. Kimeandikwa kwenye ramani ya serikali ya wakati ule."

"Hayo ni baada ya kuhama. Kabla hawajahama waliitwa watu wa wapi?"

"Wa Mahame, nimekwisha sema."

Nyuma walikokaa wanavijiji, bibi mmoja akaangua kicheko. "Jamani! Mtu kazaliwa mahameni!" Wote wakapasuka. Kumbe wao hawakuwahi kutajiwa neno hilo, karatasi za madai zilikuwa za Kiingereza tupu. Mwenyekiti akauliza kuna nini, bibi akamweleza, na mwenyekiti mwenyewe akafunika mdomo kwa kalamu. Akamrudia Gaudens: "Taja jina la kijiji." Gaudens akawageukia wenzake. Wenzake wakatazama viatu. Pranav akaifungua ya Mjerumani, na yule bibi, kabla hajaonyeshwa, akasema kwa sauti, "Ni Nambunju hapo. Mama yangu alizaliwa Nambunju."

Kiti cha kwanza kilirushwa na mtu wa Gaudens, kikampata bibi begani. Baada ya hapo sikuona vizuri. Wanavijiji nao walikuja na fimbo zao. Nilimsukuma Leticia chini ya meza nikakaa juu ya meza. Damu ilikuwa kwenye ramani ya Mwingereza, sijui ya nani. Askari wamewakamata wawili, mmoja ana alama ya meno begani. Gaudens katoka kwa mlango wa jikoni.

Ukataji umesimamishwa mpaka hukumu. Hukumu ni Agosti. Malori yamerudishwa njiani.

Jumatano, 22 Mei

Saa sita mchana wamechoma banda langu la mkaa. Nilikuwa ndani. Mwanne kanivuta, mkono wake umeungua mpaka kwenye kiwiko. Mvua ilikuwa inanyesha na mkaa uliendelea kuwaka. Walipopita kwa pikipiki walisema, "Bado mwenye taya."

Mkaa sitauza tena. Sisemi hivyo kwa ushujaa.

Ijumaa, 24 Mei

Dada, nimempandisha Leticia basi la alfajiri. Daftari hili analo yeye, ndiyo maana unalisoma, na nimemwambia akufungulie ukurasa huu kwanza. Mama Vidya kampa shali ya kufunika uso, Pranav atakaa naye kiti cha pembeni mpaka huko, hakutaka kusikia la mtu. Pranav mpikieni vizuri, nyama hali, na msimlazimishe.

Uji wa Leticia uwe mwepesi, upite mrijani. Waya zinakatwa tarehe tisa Juni, hospitali ya wilaya wameandikiwa barua. Usimwambie mtu huko ni mtoto wa nani mpaka Agosti.

Sasa nisikilize. Hawezi kuongea kwenye simu, mdomo umefungwa. Ujumbe wa kuandika siutaki, maana anaweza kuuandika yeyote aliyemnyang'anya simu. Nataka sauti yako, ya Pranav hainitoshi. Najua mtandao mpaka mpande kule kanisani. Panda. Akishuka tu, kabla hajanawa uso, kabla hujamwonyesha mama, nipigie uniambie umemshika mkono, ule wa kushoto. Upesi, dada yangu. Nimekaa na simu mapajani.